Mgongo kwa Barafu

Neno la kwanza nililomwambia ni "Pole!", na nililipaza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwa sababu alikuwa ameanguka vibaya. Ilikuwa asubuhi, maduka yote bado yamefungwa. Lindo langu lilikuwa kando ya uwanja wa barafu, katikati ya jumba la maduka, mahali ambapo mlinzi huvaa koti zito huku nje jua la Doha linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Yeye alikuwa peke yake kwenye barafu, anarukia palepale na kuangukia palepale. Watu wengi wakianguka hutazama kwanza kama kuna aliyewaona. Huyu alilala chali, akacheka, kisha akanyanyua kichwa.

"Wewe ni wa wapi?"

"Nakuru."

"Nilijua tu. Ni Mkenya peke yake anaweza kukupa pole na si yeye amekuangusha."

Nilikuwa nimemdhania Mmarekani. Wiki nzima nilimtazama akipaa, na haikunijia akilini kwamba mtu anayepaa hivyo anaweza kuwa wa South B, Nairobi. Nilipojua, kwanza nilikasirika: wiki nzima tunapishana na hata salamu ya "sasa" hakuna! Kisha nikafurahi hadi nikasahau kuwafungulia watu wa usafi, wakabaki nje wakinigongea kioo. Mama yangu husema hasira zangu ni moto wa mabua. Hajasema furaha yangu ni moto wa nini, lakini nayo huunguza.

Alikuwa amejifunza kuteleza Nairobi, kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ambako baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Doha alikuja kufundisha watoto wa watu. Mchana kutwa aliwashika mikono watoto wa Kiqatari, wa Kihindi na wa Kifilipino, akiwavuta huku na huku wakipiga mayowe. Asubuhi, kabla hawajaja, barafu ilikuwa yake, na hapo ndipo alipojiandaa kwa mashindano. Alikuwa akishindana nchi za nje kwa jina la Kenya, na mimi nilikuwa sijui kwamba Kenya ina jina huko.

Alinieleza mambo yake akifunga kamba za viatu. Ili mtu aende mashindano ya dunia, lazima msimu huo awe amefikisha alama fulani katika mchezo mfupi, na alama nyingine katika mchezo mrefu. Za mchezo mfupi alikuwa nazo. Za mchezo mrefu zilimpiga chenga mwaka baada ya mwaka, na sababu ilikuwa mruko mmoja. Unauanza ukitazama mbele, unazunguka hewani mara mbili na nusu, kisha unatua kinyumenyume kwa mguu mmoja. Akiutua, alama zinatosha. Asipoutua, anarudi nyumbani.

"Na mwaka huu ukinipita, basi," alisema. "Magoti yamenipa notisi."

Siri tamu kama hiyo huwezi kukaa nayo peke yako. Ijumaa, ambayo ndiyo Jumapili yetu huku, nilimwambia rafiki yangu muuguzi tulipokuwa tunatoka kanisani Abu Hamour. Sote humwita Sista, ni mtu wa Kisii, na ana dharau ya kitaalamu kwa kila kitu ambacho hakijaandikwa na daktari. Alicheka hadi akashika ukuta. Mkenya? Kwenye barafu? Nikamwonyesha video niliyoichukua kwa simu. Akauachia ukuta. Akaitazama tena, na tena, kisha akaipeleka kwa dereva wa Kiganda aliyekuwa akitusubiri na gari lake, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka msikitini na kanzu yake safi. Dereva akashangaa kwa Kiganda chake, "Banange," akazima injini.

Wa nne alikuwa mama mmoja wa Mombasa, mpishi kwenye nyumba ya familia moja mtaa wa Al Thumama, ambaye dereva humpeleka sokoni. Yeye hakucheka hata kidogo. Alitazama video yote, akasema, "Mtoto huyu hana uzito wowote," akauliza kama anakula vizuri.

Basi tukawa mashabiki. Wenzetu wote Doha walikuwa wanagombana juu ya mpira wa Ulaya, sisi tulikuwa tunagombana juu ya kisigino. Yule mpishi, ambaye tulimwita Mama tu na ambaye hakutaka kusumbuliwa na majina ya kigeni, aliipa michezo yote majina yake. Ule mzunguko ambao mtelezaji anachuchumaa mguu mmoja umenyooshwa mbele aliuita chapati, kwa kuwa ndivyo yeye hukaa mbele ya jiko mguu ukimuuma. Kule kuteleza na mguu mmoja umeinuliwa nyuma kukaitwa mlango, nikamuuliza kwa nini mlango, akaniambia ndivyo anavyofunga mlango wa jikoni akiwa na sufuria mkononi. Ule mruko wa shida uliitwa mbili na nusu, na tulipoutaja tulishusha sauti.

Shindano la kwanza la msimu lilikuwa katika nchi jirani ya Ghuba, siku ya Ijumaa. Wenzangu waliangalia ndani ya gari la dereva, nje ya kanisa, simu imebandikwa pale kwenye dashibodi. Mimi nilichelewa kwa sababu kuna mama wa kwaya aliyenishika mkono anieleze habari za mguu wake. Nilikimbia kuvuka uwanja wa magari na jua limeniwakia utosini, nikavuta mlango, nikaingiza kichwa.

"Ameanza?"

Papo hapo akaanguka. Sote wanne tukaiambia simu, "Pole!" Nikaambiwa kwamba hadi hapo alikuwa anakwenda vizuri mno. Hakuna aliyefikiria lolote, ila dereva alinitazama kidogo kwenye kioo chake.

Shindano la pili lilikuwa Ulaya, kwenye mji wa baridi ambao jina lake lina herufi zinazovaa kofia. Mimi nilikuwa kazini. Wenzangu walikuwa kwa Sista, na wakanitumia ujumbe wa sauti ambao sikuelewa neno hata moja, ni makelele matupu na kitu kinavunjika. Ametua! Ametua mbili na nusu! Nilikuwa na mapumziko mafupi tu. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo, nikafungua simu nimwone akimalizia. Alikuwa kwenye chapati. Chapati! Kitu ambacho asubuhi hukifanya huku ananiuliza nimekula nini. Akayumba, akakaa kitako. Alama zikapungua kwa kiasi cha ukucha.

Shindano la tatu nililitazama lote, mwanzo hadi mwisho, nimekaa mbele kabisa kwenye kochi la Sista na mto nimeukumbatia. Alianguka mara tatu. Mara ya tatu hakuinuka haraka, na alipoinuka alitembea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka. Sista alizima simu. Chai ikapoa hakuna anayeigusa, na hapo dereva akasimama katikati ya sebule.

"Afande," alisema. Ndivyo wanavyoniita kwa sababu ya sare. "Siku ya kwanza, wewe ulifungua mlango. Alianguka ama hakuanguka?"

"Alianguka, lakini—"

"Jibu swali. Siku ya pili, ulifungua simu. Alianguka ama hakuanguka?"

"Aliteleza."

"Kuteleza ni kazi yake. Mimi nauliza kuanguka."

"Wewe nani amekufanya hakimu?" niliuliza. Nilikuwa nimeshasimama pia.

"Na leo umekaa hapo kutoka mwanzo," alisema dereva kwa huzuni ya kweli, "na leo tumepoteza mguu."

Nikamgeukia Sista, mtu wa vipimo na dawa, nikitegemea atamkemea. Sista alikuwa anatazama zulia. "Mimi naamini sayansi," alisema. "Lakini kitu kikitokea mara tatu, hata wodini tunaandika. Uko na kisirani, dada. Pole."

"Mimi humwona kila asubuhi!"

"Na kila asubuhi haanguki?" dereva aliuliza.

Huanguka kila asubuhi, hiyo ndiyo kazi ya asubuhi. Mama akanivuta nikae karibu naye, akanipangusa mkono kama mgonjwa. "Si wewe, mwanangu, wala huna ubaya rohoni. Ni jicho lako tu zito. Kuna watu wameumbwa hivyo, na mbinguni wanaingia vilevile."

Nilitoka nikaubamiza mlango. Nikafika ngazi ya kwanza nikakumbuka mandazi yangu, nikarudi nikayachukua sahani nzima, nikatoka tena nikaubamiza mara ya pili. Kisha nikala mandazi ngazini nikilia. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa upuuzi, na nililia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuuamini. Nilikuwa mtu wa kwanza kumwona, nikawaleta wenzangu wote, na mchezo wake mrefu sijawahi kuuona bila anguko hata siku moja. Wao walikuwa wameona mbili na nusu ikitua. Mimi nilikuwa na makelele tu kwenye simu.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na zizi lake lilikuwa palepale kwenye jumba la maduka. Alirudi akichechemea. Sista alimpangia mazoezi ya kifundo, akawa anamtaka amtumie picha kila jioni aone uvimbe. Mama alipika supu ya mifupa na kuituma kwa dereva ndani ya birika lililofungwa kwa kitambaa, na dereva hakuondoka hadi aone birika limekwisha. Mtelezaji wetu aliniambia kwamba supu ile ina nguvu ya kuamsha maiti na harufu ya kumrudisha kaburini. Aliinywa yote.

Mchango wangu mimi ulikuwa kutomtazama. Akianza mazoezi, naanza kukagua vizimamoto. Kuna asubuhi nilikagua kizimamoto kimoja hadi nikakijua kama ndugu. Aligundua, bila shaka.

"Afande, mbona siku hizi wanipa mgongo?"

"Ni sheria za kazi," nilisema. Akaitikia tu, akaendelea, na nyuma yangu nikasikia akianguka, nikauma ulimi ile pole isitoke.

Shindano la mwisho la msimu lilikuwa Doha, na si Doha tu bali palepale, kwenye barafu yetu. Lilikuwa dogo, la kualikana, lakini alama zake zilihesabika. Ndilo lililokuwa limebaki. Akitua mbili na nusu hapo, anakwenda duniani, ndivyo tulivyoyaita yale mashindano ya dunia. Asipotua, watoto wa watu na mikono yao midogo hadi mwisho.

Nilikuwa nimepanga kuomba ruhusa nikajifiche mahali, hata mji wa Lusail. Lakini msimamizi wetu, Mnepali mpole anayezungumza kana kwamba kuna mtoto amelala, aliniita akanipa lindo la heshima: lango la barafu lenyewe, pale watelezaji wanapoingilia na kutokea. Nikashtuka. Nikataka kukataa. Ndipo akanikumbusha sheria.

"Mlinzi haangalii onyesho," alisema. "Macho kwa watu, mgongo kwa barafu. Ukigeuka nitakuona."

Nilipowaambia wenzangu, Sista aliimba pambio zima hapohapo kwenye simu. Dereva alisema Mungu ni fundi. Mama alisema, "Mungu hamtupi mja wake," na sikuuliza mja gani, mimi au yule, kwa sababu nilishajua. Nilikasirika tena. Halafu usiku ule nikajikuta nacheka peke yangu kitandani, mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nimepata mchumba. Nitakuwa hatua mbili kutoka kwake, mtu wa karibu kuliko wote, na sitaona kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Dereva alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake wa Lusail kwa ahadi ambazo hakutaka kutuambia. Sista alikuwa ametangaza kanisani, baada ya matangazo ya harusi, na nusu nzima ya kwaya ikaja na sare zake. Mama alikuja na mabinti wawili wa nyumba anayofanyia kazi, ambao sasa walikuwa wanasema "chapati" wakimaanisha mzunguko. Walikaa wote mbele yangu, jukwaa la chini, uso kwa uso nami. Kando yao walikuwa Wafilipino wengi, watu wanaoujua mchezo huu, na midoli ya manyoya mapajani ya kurusha kwenye barafu mwishoni. Kwaya iliuliza kwa nini watu wazima wamebeba midoli. Walipoelezwa, wawili walitoka mbio kwenda madukani.

Mtelezaji wa kwanza alikuwa msichana wa nchi nyingine, mdogo, na nikasikia nyuma yangu akianguka. Kwaya yetu, bila kupanga, sauti zote, ikatamka: "Pole!"

Mtangazaji akasita. Mabinti wa Kiqatari wakapenda neno lile kuliko kitu chochote walichowahi kupewa. Alipoanguka wa pili, pole ilitoka pande mbili za uwanja. Alipofika wa nne Wafilipino walikuwa wanaitikia nasi, na babu mmoja wa Kirusi, nadhani kocha, alikuwa anasema "Bole! Bole!" akipiga makofi. Sijawahi kuona watu wakingoja mtu aanguke kwa upendo namna ile. Msimamizi wangu alinijia polepole, akaniuliza kama ni fujo. Nikamwambia ni adabu. Akaenda zake akilifanyia mazoezi neno lile.

Kisha jina lake likaitwa, na jina la Kenya. Akapita kando yangu kuelekea langoni, vazi la kijani, nywele zimebanwa, uso umekuwa mgumu. "Afande, niombee," alisema bila kunitazama. Nikafungua lango, nikalifunga, nikageuza uso wangu kwa watu.

Muziki ukaanza. Mbele yangu nilikuwa na nyuso tatu nilizozijua kuliko uso wangu mwenyewe, na ndizo zilizokuwa televisheni yangu. Dereva alikuwa anaendesha: mikono yake ilikata kona kila mtelezaji wetu alipokata. Midomo ya Sista ilitaja kila kitu kabla hakijatokea. Mama alitikisa kichwa taratibu, mlango, nikajua ni mlango. Nyuma yangu vyuma vya viatu vilikwaruza barafu, vikaja karibu, vikaenda mbali. Nilikuwa naona. Naapa nilikuwa naona mchezo wote kwenye uso wa Mganda.

Nikajua mbili na nusu imefika kwa sababu Sista aliacha kutaja. Nikawakodolea macho, tayari kusoma.

Wote watatu walifumba macho!

Sijawahi kukasirika namna ile tangu nizaliwe. Msimu mzima wananiambia mimi nisitazame, na saa yenyewe imefika, dereva kajifunika uso kwa kofia yake, Sista kainamia mkoba, na Mama kafumba kabisa, anasoma dua. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anamwangalia. Nilitaka kupiga kelele, "Fumbueni, wajinga nyie!" Nilisikia vyuma vikikwaruza. Nikasikia kimya. Halafu nikasikia chuma kimoja, kimoja tu, kikigusa barafu na kuendelea kuteleza, laini, kwa muda mrefu.

Wafilipino wakaruka juu wote. Ndipo wale watatu wakafumbua macho na kuulizana, "Nini? Nini?"

"Ametua!" niliwapigia kelele mimi, mlinzi, kazini, mwenye mgongo kwa barafu. Msimamizi alinitazama kutoka upande wa pili, nikasimama wima kama mlingoti.

Baadaye alianguka mara moja kwenye mruko mwepesi, nikasikia kishindo, na uwanja wote ukampa pole hata muziki ukafunikwa. Akainuka, akamaliza. Midoli ikanyesha kupita kichwa changu. Dubu mmoja wa manyoya alinipiga kofia ikaanguka, nami sikugeuka.

Benchi la kungojea alama lilikuwa kando ya lango langu. Alikuja akakaa, anahema, mvuke unamtoka mabegani. Mimi bado nilikuwa nimewatazama watu, kwa hiyo tuliongea kama wapelelezi, kila mtu anatazama kwake.

"Umeniona?"

"Sijaona kitu."

"Hata kidogo? Na uko hapo hapo?"

Nikamwambia. Mlango wa gari, simu chumbani, kochi la Sista, hukumu, vizimamoto, vyote nikavimwaga kwa pumzi moja. Nikasikia pumzi zikimkatika, nikaogopa nimemwudhi. Kumbe alikuwa anacheka bila sauti, kainama, kashika mbavu.

"Yaani mimi naanguka huko Ulaya," alisema, "na kesi inasikilizwa Abu Hamour?"

Mtangazaji akaanza kusoma alama. Sikuelewa tarakimu, zilikuja haraka. Niliona tu kofia ya dereva ikipaa, na Sista akipiga magoti katikati ya kwaya, na Mama akitoa kigelegele ambacho nina hakika kilisikika hadi barabarani. Kisha mikono miwili ya baridi ikanishika shingo kwa nyuma. Alikuwa analia sikioni mwangu. "Zimefika, Afande. Zimefika na zimepita." Nikamshika mikono ile hapohapo shingoni pangu, macho kwa watu, nikilia na kuangalia usalama.

Alikuwa wa sita siku hiyo. Msichana aliyekuwa wa kwanza hakufurahi nusu yake.

Watu walipoanza kutawanyika, kwaya ikitoka na nyimbo zake, msimamizi alinipungia mkono kwamba lindo limekwisha. Gari la kulainisha barafu lilikuwa bado halijatoka. Wale watatu walikuja pale kwenye uzio wakiwa wamelewa furaha, Mama akitaka kujua kama duniani kuna baridi na atavaa nini. Mtelezaji wetu hakuwa amevua viatu. Alinishika mabega, akanigeuza nikatazamana na barafu, tupu, nyeupe, imechanwachanwa na mistari.

"Wewe hujaniona msimu mzima. Simama hapa."

"Hapana," nilisema. "Hapana, una safari. Kifundo chako!"

"Wewe!" dereva alimaka. "Nnyabo, bibie, tafadhali, huyu ana jicho!"

"Mtoto, usithubutu," Sista alisema kwa sauti ya wodini. "Umeshapita. Mbona unajaribu Mungu?"

"Anayeanguka ni mimi," alisema, "si nyinyi." Na akaingia.

Hapo hofu yangu haikuwa ya mchezo tena. Alama zilikuwa zimepatikana, mguu ndio uliobaki wa kupotea, na ukipotea mbele ya macho yangu, hakuna kigelegele kitakachonisafisha maisha yangu yote. Wale watatu waliliona hilo usoni mwangu, na wakafanya walichoweza: waligeuka. Wote, mstari mmoja, migongo kwa barafu, Mama kajifunika na mtandio wake hadi kidevuni. Nami nilitaka kugeuka nao. Miguu ilikuwa tayari inageuka, macho nimeyafumba.

"Afande! Macho!" aliita kutoka ng'ambo.

Nikayafumbua.

Alizunguka uwanja mara moja bila muziki wowote. Nilisikia kiyoyozi. Akageuka akaja akitazama mbele, akitutazama sisi, uso wake umetulia kama mtu anayepanda ngazi za kwao, akakunja goti na kupaa. Nilidhani itakuwa haraka. Haikuwa haraka. Alikuwa hewani, mikono kifuani, vazi la kijani limemzunguka, na nilikuwa na muda wa kuona kwamba anatabasamu. Kisha akatua kinyumenyume kwa mguu mmoja, akayumba, kiganja kikagusa barafu, akanyooka, akaenda. Kwa waamuzi angekatwa alama. Mimi si mwamuzi. Nilijishika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ametua?" aliuliza dereva, mgongo wake bado kwa barafu. "Afande, sema! Ametua ama hakutua?"

Mtelezaji wetu hakuwa amemaliza. Alikuwa anazunguka tena kwa mbali, kashika kasi, na safari hii nilitaka kuona bila kuongea na mtu.